Aliyeifumua Kofia ya Mama Yako

Kasongo, Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Feza,

Pokea salamu za amani kutoka kwa baba yako. U hali gani? Najua utacheka, maana ninapoandika haya bado uko hapa hapa Kasongo, umekwenda kuwaaga shangazi zako, na asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukila viazi vitamu viwili na kuomba cha tatu. Lakini barua hii hutaisoma leo. Utaisoma kesho, pale mtakapolala njiani, kabla hamjaingia Kabambare. Kwa hiyo namuuliza Feza wa kesho: mgongo unasemaje baada ya pikipiki? Miguu haikuvimba? Na yule mgeni wetu wa ndani, ameyavumilia mashimo ya barabara? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mama yako ni mzima wa mwili. Habari za moyo wake utazikuta huku chini.

Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua. Kwetu baba hazungumzi na binti yake habari za mimba. Tangu tumbo lako lianze kuonekana mimi nimekuwa nikiongea nawe huku nikitazama mashini yangu ya kushonea. Siku ile ulipotapika mlangoni mwa kibanda changu nilikuuliza, "Feza, hii ni malaria?" Ukajibu, "Ndiyo baba, malaria." Na sote wawili tulijua ni malaria ya miezi tisa. Mdomo wangu una haya. Karatasi haina.

Sababu ya pili ndiyo nzito, na kwa hiyo naomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati.

Habari za kula nini, kulalia ubavu gani, maji gani ya kuoga na maji gani ya kunywa, mama yako amekwisha kukufungia zote pamoja na dagaa na chupa ya mafuta ya ngazi, yale mekundu ya michikichi. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na nimelikalia tangu siku uliyozaliwa.

Nianze na juzi, mumeo Ramazani alipofika kutoka kwao Kabambare kukuchukua mkaishi huko. Tulikaa uani, tukala bugali na sombe la majani ya muhogo, tukamsifia kazi yake mpya ya ualimu. Alipomaliza kunawa akasema, "Feza, mama anakusalimia sana. Anasema ukifika, sindano uiweke chini kwanza mpaka utakapojifungua. Anasema uzi iko na mafundo, na mafundo yanafunga mutoto."

Alisema polepole, kijana wa watu, kama mwalimu anayewasomea wanafunzi tangazo ambalo hakuliandika yeye. Wewe ukaliweka tonge chini.

"Nilijua," ulisema. "Bamama bakwe bote ni mama mumoja. Wa mama yangu alifumua. Huyu wa kwangu anataka kufumua hata sijafika!"

"Feza, mama hana ubaya..."

"Mama yako, weye. Si wangu."

Na mama yako alikuwa ameinama anaosha sahani. Hakugeuka. Alisema tu, "Vitambaa vyako uvifiche vizuri. Miye sikuficha."

Jana yake nilikuwa nimekuona ukikunja kazi zako za kutarizi: kile kitambaa cha pikipiki iliyozama kwenye tope ikiwa na watu watatu na mbuzi, na kile kingine ulichonichora mimi nimelala juu ya mashini, mdomo wazi, ambacho wateja wote wa Kasongo wamekicheka. Baada ya maneno yale ya mama yako nikakuona ukivitoa na kuvipeleka chini kabisa ya begi, chini ya nguo za ndani, pale ambapo mama mkwe mwenye adabu hatatia mkono. Nikasema moyoni, mwanangu anakwenda kwa watu kama mtu anayekwenda vitani, na silaha nimempa mimi.

Hadithi unaijua tangu ukiwa mtoto. Koko yako, yaani mama yangu mzazi, alifumua kofia ya mama yako siku ile ulipozaliwa. Ndiyo maana mama yako hashiki sindano. Ndiyo maana wewe ulijifunza kutarizi peke yako chini ya meza yangu, kwa vipande vya nguo za watu, na mama yako akikuona anaondoka.

Hadithi hiyo si kweli. Aliyeifumua kofia ya mama yako ni mimi.

Ngoja nikueleze kama ilivyokuwa, nisijipambe.

Mama yako alipotoka kwao Nyangwe kuja kuolewa, alikuja na mkono. Wewe umeuona mkono wake kwenye sombe tu. Mimi niliuona kwenye kofia. Wanawake wengine waliotarizi kofia za Idi walifuata nyota zilezile na maua yaleyale. Yeye alichora maji: jinsi Lualaba inavyojikunja nyuma ya mtumbwi, mkunjo ndani ya mkunjo, kwa vitundu vidogo hata mtu anadhani kitambaa kinatembea. Wanaume msikitini walizipigania. Na walikuwa wananitania baada ya sala: "Amisi, weye ni fundi wa mashini, lakini fundi mwenyewe iko mu nyumba!" Nilicheka nao. Nilicheka kwa meno.

Alipopata mimba yako alianza kofia moja ya pekee. Ilikuwa yangu, niivae siku ya saba, siku ya kunyoa nywele za mtoto. Aliitarizi miezi yote. Watu walimwambia aache, mafundo si mazuri kwa mwenye mimba. Koko yako hakumwambia hata siku moja. Hilo nataka ulishike: koko yako hakumwambia hata siku moja. Alikuwa akikaa karibu naye na kumvutia uzi.

Uchungu ulianza alfajiri. Tulikuwa nyumbani, na jirani mmoja mkunga, kama watu walivyofanya. Ikafika saa sita mchana, bado. Koko akatoa kichwa mlangoni: "Amisi, fungua mafundo yote ya mu nyumba." Ndiyo desturi ya wazee wetu, unaijua: mwanamke akikwama, kila kilichofungwa kifunguliwe. Nikafungua kamba ya mbuzi, mbuzi akaenda zake. Nikafungua tita la kuni. Nikafungua kamba za chandarua. Nikafungua gunia la mchele, mchele ukamwagika, kuku wa jirani wakafanya karamu. Nikafungua mkanda wangu mwenyewe, nikawa natembea nimeshika suruali kwa mkono mmoja. Leo ninaweza kucheka. Siku ile nilikuwa nalia.

Kisha nikakumbuka kofia.

Kila kitundu cha kofia kina fundo kwa ndani. Mtu wa kawaida hayaoni. Mimi niliyaona, kwa kuwa mimi ni fundi. Nikachukua wembe, nikakaa kwenye jiwe la mlangoni, nikaanza kufumua. Sikurarua. Nilifumua kifundi, uzi mmoja mmoja.

Koko akatoka tena, mikono inadondoka maji. "Amisi, mutoto amekaa vibaya. Mafundo ya kufungua tumekwisha kufungua. Sasa ni maternite ya hospitali. Tafuta watu wa tipoyi bamubebe mabegani."

"Ngoja, mama. Imebaki kidogo."

"Imebaki nini?"

"Mafundo."

Akanitazama mikono. "Ile si kofia ya muke wako?"

"Iko na mafundo mengi, mama."

"Amisi. Kofia haizai. Inuka!"

Sikuinuka. Kila fundo nililotoa nilidhani ndilo la mwisho, na ndilo lililokuwa limekufunga. Koko yako akanipita. Mwanamke mzee, bila kilemba kichwani, alikimbia mpaka njia kubwa na kuwapigia kelele wanaume waliokuwa wanatoka shambani. Wanne walikuja. Waling'oa mlango wa jikoni, wakamlaza mama yako juu yake, wakambeba. Nilipowafuata bado nilikuwa na wembe mkononi.

Muuguzi wa maternite aliniambia, "Mungechelewa kidogo tena..." na sentensi hiyo hakuimaliza. Ulizaliwa kabla ya magharibi. Ulilia bila kupigwa.

Kuna kitu kingine, na hiki sikumwambia mtu mpaka leo. Nilipokuwa nafumua nilikuwa na hofu, ni kweli. Lakini ndani ya hofu kulikuwa na kitu kingine kidogo, kichungu. Ile kofia ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichopata kushona maishani mwangu, na nilijua itaendelea kuwa nzuri hivyo, na nitaivaa kichwani, na watu watasema tena fundi ni nani. Mikono yangu iliona nafasi. Namwomba Mungu msamaha kwa hilo kila siku, na sijui kama nimelitaja kwa jina lake halisi hata leo. Ni wivu.

Siku ya saba mama yako alikuwa bado kitandani, hana nguvu hata ya kukaa. Akaniambia, "Nenda sandukuni, uvae kofia yako." Nikamletea kitambaa cheupe chenye matundu, kama uso uliopita ndui.

"Nani?" aliuliza.

Nikamjibu, "Mama alisema mafundo yote yafunguliwe."

Angalia maneno hayo, Feza. Hakuna neno la uongo ndani yake. Mama alisema hivyo. Nimejifunza kwamba uongo unaodumu miaka mingi ni ule unaojengwa kwa maneno ya kweli, maana huwezi kuukamata mahali popote.

Koko alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Alisikia. Akaweka uji chini, akaondoka.

Nilimfuata nyuma ya jiko. Alikuwa anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Mama," nilisema.

"Hasira yake kwa miye ni ya uani," alisema. "Kwa weye ingekuwa ya kitandani, na muna mutoto mudogo. Basi ikae kwangu kwanza. Lakini utamwambia siku moja."

"Ndiyo, mama."

"Siku moja, Amisi. Si siku zote."

Nilisema ndiyo. Akaishi nasi miaka tisa mingine na sikumwambia.

Nimekatizwa hapa. Ameingia mama mmoja mteja na blauzi yake mkononi. "Fundi, hii mikono ni ya nani? Yangu, ao ya mutoto wangu mudogo wa chuo cha Kurani?"

"Ni yako, mama. Nilikupima mwezi wa tano."

"Basi na huo mwezi wa tano unirudishie!"

Nimemwambia arudi Jumamosi, nitafumua na kuongeza kitambaa. Amekwenda akinicheka. Ndiyo kazi yangu ya kila siku, mwanangu, kufumua. Nafumua mikono, nafumua viuno vya waliopona maradhi na kunenepa. Lakini nikifumua cha mtu nakishona tena. Kile kimoja sikukishona.

Na hasara yake haikuwa kofia. Nyumba yetu ilikuwa na chakula, ilikuwa na sala, watoto walikwenda shule. Lakini mama yako aliacha kutengeneza kitu chochote ambacho hakikulazimika kutengenezwa. Kabla ya hapo alikuwa akiimba akitarizi, tena kwa sauti mbaya, Mungu anisamehe, na nilikuwa naipenda. Nyimbo zilikoma na sindano. Koko alipewa chakula kwa wakati, maji ya kutawadhia yalikuwa tayari kabla ya adhana, hakukosewa heshima hata mara moja. Ila mama yako hakucheka naye. Miaka tisa katika ua mmoja, wanawake wawili, na mimi katikati na mashini yangu, taka taka taka, nikifanya kelele ili ukimya usisikike.

Ndiyo maana juzi uliposema "mama mumoja" nilijua muda wangu umekwisha. Nilikaa siku nzima ya jana nikitafuta njia ya kukuandikia wewe bila kumwambia yeye. Hakuna. Siwezi kukupa wewe ukweli ambao mwenyewe hajapewa.

Leo baada ya adhuhuri nikaenda kukaa karibu naye. Alikuwa na ungo mapajani anachagua mawe kwenye mchele wa safari yenu.

"Sakina," nikasema, "kofia ile, niliifumua mimi."

Aliendelea kuchagua. "Kofia gani?"

"Unaijua."

Akatupa kijiwe kimoja, kingine. "Na mama?"

"Mama aliniambia niache. Alikwenda mwenyewe njiani kutafuta watu wa kukubeba. Kama si yeye, miye ningekuwa bado nimekaa pale na wembe."

Mikono yake ikasimama. Nilitegemea matusi. Nilitamani matusi. Akasema, kama mtu anayehesabu, "Alipougua nilimwosha. Miezi mitatu nilimwosha mwili mzima kwa mikono hii, na sikumtazama machoni hata siku moja. Nilidhani anajua sababu."

"Aliijua, Sakina. Aliijua kuliko weye."

Aliinuka, akaweka ungo chini taratibu, akaingia chumbani na kufunga mlango. Sasa ni alasiri imepita na bado hajanisemesha. Sikumwambia "nisamehe". Ningelitoa neno hilo leo, ningekuwa namsukuma anipe kitu haraka ili mimi nipumue. Nimekwisha kupumua miaka yote hii kwa mapafu ya watu wengine. Nitangoja. Na akiamua nilale hapa kibandani kati ya vitambaa, nitalala, na asubuhi nitamsalimia kama kawaida. Sirudi nyuma tena.

Sasa tuje kwako.

Jana nikienda msikitini na Ramazani nilimuuliza, "Mama yako, habari ya mafundo aliitoa wapi?" Akaniambia. Kabla yake yeye, mama yake alizaa watoto wawili na hawakuvuta hewa hata mmoja. Alikuwa msusi wa mikeka, tena mwenye sifa. Watu wakamwambia ni mikono yake iliyowafunga watoto wake. Aliacha kusuka. Ramazani akazaliwa mzima, na tangu hapo hakuna mtu anayeweza kumwambia kwamba si kweli.

Fikiri, Feza. Wewe ulisikia mama mkwe anayetaka kukunyang'anya sindano. Mimi nilisikia mwanamke anayekupa ulinzi pekee alio nao, ambao yeye aliupata baada ya kuzika wawili. Anaweza kukosea. Mimi naamini anakosea. Mungu anayefungua riziki na mvua hazuiwi na uzi wa pamba. Lakini anayekosea kwa sababu anakuogopea hawezi kuwa sawa na anayekosea kwa sababu anakuonea. Mimi nilikuwa wa pili nikavaa nguo ya wa kwanza, kwa hiyo ninaijua tofauti yake.

Usiache kutarizi. Nalisema hili kwa nguvu zote nilizo nazo. Nimeona nyumba ambayo mwanamke aliweka sindano chini, na mtoto aliyelelewa humo ni wewe. Mwanao asikuone mikono mitupu kila siku ya maisha yake. Lakini usitarizi kwa kujificha pia. Kazi ya kujificha inageuka kuwa chuki. Siku ya kwanza, mkisha kusalimiana na kupumzika, toa vitambaa vyako uvitandaze mbele yake. Mwonyeshe baba yako amelala mdomo wazi, acha anicheke, nimempa ruhusa. Mwulize na yeye mikeka yake ilikuwaje. Naona itakuwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza.

Na kama hofu yake ikibaki, nakupa kitu cha fundi. Uzi unaweza kuanza bila fundo. Unaacha mkia mfupi nyuma ya kitambaa, unaulaza, halafu mishono yako mitano ya kwanza inapita juu yake na kuukanyaga. Ukifika mwisho unapitisha sindano chini ya mishono iliyopita, unakata. Hakitafumuka hata kwa kufuliwa. Hilo si kwa ajili ya mtoto, mtoto yuko mikononi mwa Mungu. Ni ili yule mama alale usingizi. Fanya mbele yake, mwambie, "Mama, tazama, hakuna fundo." Wewe hupotezi kitu, na yeye anapata miezi minne ya amani.

Jambo moja tu usimlegezee mtu. Uchungu ukianza, nenda maternite. Usingoje saa sita, usingoje mtu afungue chochote. Wakitaka kufungua mbuzi na magunia, wafungue, ninyi mkiwa njiani. Ramazani nimemwambia uso kwa uso, nikamshika mkono hata akashtuka. Na nimemwambia kisa hiki chote, aliyekaa na wembe ni nani, ili siku hiyo woga ukimshika amkumbuke baba mkwe wake na ainuke.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, lakini mama yako ameingia.

Alisimama nyuma ya mashini. "Umefika wapi?" akauliza. Ni neno la kwanza tangu adhuhuri.

"Karibu mwisho."

"Soma."

Nikamsomea yote, tangu viazi vitamu. Habari ya wivu niliisoma kwa sauti ndogo, akasema, "Sijasikia. Rudia." Nikarudia. Pale pa sauti yake mbaya ya kuimba alivuta hewa puani, sijui ilikuwa hasira au nini. Nilipofika kwa koko nyuma ya jiko, aligeuka akatazama njia, na nikausomea mgongo wake mpaka mwisho.

Kisha akasema, "Umeandika ya kwako. Yangu haiko."

"Yako gani?"

"Andika hivi. Miye, Sakina, nilimuwekea fundo moyoni mutu asiye na kosa. Aliniita mwanangu miaka tisa, nikamwitikia kama mupangaji. Hakuna aliyenilazimisha kutomuuliza. Ningemuuliza neno moja tu, 'Mama, ni weye?' na sikumuuliza, maana ile hasira nilikuwa nimeizoea. Halafu nikamufundisha Feza aibebe. Andika: asiipeleke Kabambare. Hata kidogo. Akiwa na neno juu ya yule mama, amuulize yeye mwenyewe, siku ileile."

Nimeandika kama alivyosema, sijapunguza.

"Na weye," ameniambia, "tutaongea mutoto akisha kuondoka."

"Ndiyo," nimesema.

"Nitakuwa na mengi."

"Nitakaa nisikilize."

Ameondoka kwenda kuwasha moto, na nasikia sauti yako langoni, umerudi kutoka kwa shangazi zako. Nitaikunja barua hii nimpe Ramazani akuwekee, akukabidhi mtakaposimama kulala.

Mungu akufungulie njia, na akupe uzazi mwepesi. Mkisha kufika na kusalimiana, tafadhali jibu upesi, hata mistari miwili, umpe motari yeyote wa pikipiki anayerudi Kasongo. Utuandikie sote wawili katika karatasi moja.

Baba yako,
Amisi